Uzuri wa mwili kwa macho ya watu mbalimbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kuna mtu ambaye kila kabila na kila taifa litamwona mzuri?

Yapo mambo machache ambayo watu wa karibu kila mahali huyakubali, na yapo mengi ambayo kila mahali wana lao. Yanayokubalika ni haya: ngozi yenye rangi moja isiyo na mabaka wala vipele, macho maangavu, nywele zenye afya na uso usioelemea upande mmoja. Mwaka 2000 Judith Langlois na wenzake huko Marekani walizikusanya pamoja tafiti nyingi za nyuma, wakakuta kwamba watu wa mataifa tofauti wakionyeshwa nyuso zilezile hukubaliana kwa kiasi kikubwa kuhusu nani mzuri na nani wa kawaida. Hata kichanga wa miezi miwili au mitatu huukazia macho kwa muda mrefu zaidi uso ambao watu wazima wameshauita mzuri.

Yaliyobaki, yaani unene, ukubwa wa nyonga, rangi, meno, shingo na alama za mwilini, huamuliwa na mahali na wakati. Weka akilini jambo moja katika majibu yote yanayofuata: katika yale machache yanayokubalika kote, ngozi sawia ndiyo ya kwanza, nayo ndiyo watu wetu wengi wanaiharibu kwa mikono yao wakidhani wanatafuta uzuri.

Ulinganifu wa uso ni nini hasa?

Ni upande wa kulia kufanana na wa kushoto. Hakuna uso ulio sawa kabisa pande zote mbili, na tofauti ndogo hazionekani kwa macho. Mwaka 2007 Anthony Little, Coren Apicella na Frank Marlowe waliwaonyesha Wahadzabe, wawindaji wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, picha za nyuso, kisha wakawaonyesha Waingereza. Wote walipendelea nyuso zenye ulinganifu, na Wahadzabe walizipendelea kwa nguvu zaidi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba maradhi na njaa ya utotoni huweza kupindisha ukuaji, kwa hiyo penye maisha magumu jicho huzoea kuitafuta dalili ya mwili uliokua bila misukosuko.

Ukitaka kujipima, piga picha ukiwa umetazama kamera sawasawa na mwanga ukitokea mbele. Chora mstari kutoka kati ya nyusi hadi kati ya kidevu, kisha pima umbali kutoka kwenye mstari hadi kona ya nje ya kila jicho na hadi kila kona ya mdomo. Wengi hukosea kwa kupima picha ambayo mwanga ulitoka dirishani upande mmoja: kivuli hufanya shavu moja lionekane limebonyea.

Nasikia watafiti wanasema uso mzuri ni uso wa wastani. Mbona mzuri ni yule wa pekee?

Neno wastani hapa halimaanishi mtu asiye na sifa. Linamaanisha uso ambao pua yake si ndefu wala fupi mno, macho hayako karibu wala mbali mno, ukilinganisha na watu wa mahali hapo. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alikuwa akipandanisha picha za watu juu ya bamba moja la picha tangu 1878, akashangaa kuona uso uliotokea ni mzuri kuliko wa yeyote aliyechangia. Mwaka 1990 Langlois na Lori Roggman walirudia jambo hilo kwa kompyuta: uso uliochanganywa kutokana na watu 16 au 32 ulipendwa kuliko karibu nyuso zote za mmojammoja.

Ila wastani wa nani? Hapa Wahadzabe wametufundisha kitu. Walipoonyeshwa nyuso za Wahadzabe zilizochanganywa, waliupenda wastani. Walipoonyeshwa za Wazungu, hawakuona tofauti, kwa sababu hawajaona Wazungu wa kutosha kichwa kikajua wastani wao ukoje. Jicho hujenga kipimo chake kutokana na nyuso linazokutana nazo kila siku. Ndiyo maana mtu anayeshinda kwenye simu akitazama nyuso zilizochujwa kwa programu huanza kuziona za nyumbani kwao kama zina kasoro.

Je, kuna namba ya dhahabu, 1.618, inayopima uzuri wa uso?

Hapana. Wapimaji hugawa urefu wa sehemu moja ya uso kwa nyingine, na huchagua wenyewe pa kuanzia na pa kuishia mpaka namba itokee. Vinyago vya kupimia uso vilivyotengenezwa kwa hesabu hiyo huwakaa vizuri baadhi ya Wazungu, lakini huwaonyesha Waafrika na Waasia wengi kuwa na pua au midomo iliyozidi. Usilipe mtu hela akupimie namba hiyo.

Umbo namba nane ni vipimo gani, na napimaje?

Watu wa mitaani huliona kwa jicho, watafiti hulipima kwa kugawa kiuno kwa nyonga. Chukua tepu ya fundi cherehani. Simama wima, miguu karibu, vua nguo nzito. Kiuno pima katikati, kati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mara tu baada ya kutoa pumzi. Nyonga pima pale makalio yalipotokeza zaidi, si kwenye mfupa. Kiuno cha sentimita 74 na nyonga za sentimita 102 ni 74 ÷ 102, yaani takriban 0.73. Vipimo vingi huharibika kwa mambo mawili: kubana tumbo wakati wa kupima, na tepu kushuka mgongoni bila mtu kujua. Pima mara mbili mbele ya kioo.

Mwaka 1993 Devendra Singh alitangaza kwamba wanaume wa Marekani hupendelea 0.7, na wengi wakachukulia kwamba ni sheria ya dunia nzima. Haikuchukua muda ikatikisika. Wamatsigenka wa Peru, katika utafiti uliotoka 1998, waliwaona wanawake wenye kiuno chembamba kama watu waliotoka kuugua. Wahadzabe nao walimchagua mwanamke mnene zaidi walipoonyeshwa michoro ya mbele. Lakini 2005 Marlowe na wenzake walichora umbo kutoka ubavuni, na hapo Wahadzabe wakapendelea makalio yaliyotokeza kuliko Wamarekani walivyopendelea. Mchoro wa mbele ulikuwa unaficha sehemu ambayo wao huitazama.

Kiafya, Shirika la Afya Duniani huchukulia kwamba hatari ya kisukari na moyo huongezeka mwanamke anapozidi 0.85 na mwanamume anapofika 0.90. Hiyo ndiyo sababu nzuri zaidi ya kuwa na tepu nyumbani.

Vipi vidonge vya kuongeza makalio na hipsi?

Vingi vinavyouzwa bila boksi huwa na siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na usingizi, au deksamethasoni, dawa kali ya uvimbe. Vinapatikana Kinshasa, Bujumbura na kwenye masoko yetu. Deksamethasoni haiwezi kuamrishwa mafuta yaende wapi. Hujaza uso ukawa wa mviringo, huweka nundu shingoni nyuma na kukuza tumbo, huku mikono na miguu ikikonda. Yaani umbo namba nane hugeuka tofaa. Sukari na shinikizo la damu hupanda, na ukiacha ghafla baada ya miezi mingi mwili unaweza kushindwa kutengeneza homoni yake: kizunguzungu, kutapika, kuzimia. Aliyetumia kwa wiki kadhaa aende hospitali na kidonge mkononi kabla ya kuacha.

Kwa nini kwetu unene ulikuwa uzuri, na kwingine wanasifu wembamba?

Swali hili ndilo lenye historia ndefu kuliko yote, na nchi yetu, Tanzania, imo ndani yake. Mwishoni mwa 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, katika Kagera ya leo, kwenye makao ya Mfalme Rumanika. Aliwakuta wanawake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa mpaka kusimama kukawa kazi. Mmoja alimpima kwa tepu: mkono sentimita 58 mzunguko, kifua 132, paja 79. Alipouliza, aliambiwa ni maziwa, kunywa tangu utotoni mchana kutwa. Ng'ombe ndio waliokuwa utajiri wa Karagwe, na mwanamke ambaye hakulazimika kuinama shambani aliubeba utajiri huo mwilini, kila mgeni akauona.

Mauritania nako binti alilishwa kwa nguvu maziwa ya ngamia na kuskusi, desturi iitwayo leblouh, ambayo sasa imepungua lakini haijaisha. Kanuni yake ni moja: chakula kinapokuwa haba au hakitabiriki, mafuta mwilini huwa ushahidi wa afya na uwezo. Chakula cha bei rahisi kinapojaa kila duka, wembamba ndio unaogharimu muda na hela, basi heshima inahamia huko.

Ladha hii hubadilika haraka kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 2006 Martin Tovée na wenzake waliwalinganisha Wazulu wa vijijini Afrika Kusini, Waingereza, na Wazulu waliohamia Uingereza. Wa kijijini walipenda miili minene, Waingereza wembamba, na wahamiaji walikuwa katikati: bahari ilikuwa imeshawahamisha nusu ya njia. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa Uingereza ulionyesha kwamba wanaume waliokuwa wanaingia bwaloni na njaa waliwapa wanawake wanene alama za juu kuliko wanaume waliokuwa wanatoka wameshiba. Mtu yuleyule, kabla ya chakula na baada ya chakula, anaweza kuona tofauti.

Uganda katika miaka ya 1980 ukimwi uliitwa slim, kwa sababu wagonjwa walikonda. Kwa miaka mingi baadaye, Afrika Mashariki na Kusini, mtu akipungua kilo tano majirani huulizana kama ni mzima. Usimshangae mama anayemsifu bintiye kwa kunenepa. Ana kumbukumbu zake.

Kinyume chake kilitokea Fiji, ambako mwili mkubwa ulikuwa sifa. Televisheni iliingia jimbo la Nadroga 1995. Daktari Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo na tena 1998: waliosema wanajitapisha ili wapungue walitoka 0 hadi asilimia 11.3. Miaka mitatu tu.

Mwanya unapendwa kwetu. Unatokana na nini, na je, nikichonga?

Mwanya kati ya meno mawili ya mbele ya juu hutokea meno yakiwa madogo kuliko taya, au ukano unaounganisha mdomo wa juu na fizi ukishuka mpaka kati ya meno. Hurithiwa. Mtoto wa miaka 7 hadi 10 huwa nao kwa kawaida, na mara nyingi hujifunga chonge za juu zinapoota, karibu na miaka 11 au 12, kwa hiyo mzazi asiukimbilie kuuziba wala kuufurahia mapema. Afrika Mashariki, Ghana na Nigeria ni pambo. Ulaya na Marekani wengi hulipa kuuziba kwa waya. Wajapani wana yao: jino la chonge lililotokeza mbele ya mengine, yaeba, huonekana la kuvutia na la kitoto.

Kuchonga mwanya kwa tupa ni kosa lisilorekebishika. Tabaka gumu la nje la jino halioti tena. Likishaondoka, chai ya moto na maji ya baridi vinauma, na jino linaanza kuoza kutokea ubavuni mahali ambapo mswaki haufiki. Ukipenda mwanya ambao hukuzaliwa nao, nenda kwa daktari wa meno ukaulize kama meno yanaweza kusogezwa kwa waya, bila kukatwa.

Na meno meupe, ni uzuri kila mahali?

Sivyo. Japani kwa karne nyingi wanawake wa heshima waliyapaka meno rangi nyeusi tii, ohaguro: chuma kilicholowekwa kwenye siki, kikachanganywa na unga wenye tanini, kama wino. Rangi hiyo iliyakinga meno yasioze. Serikali iliwapiga marufuku watu wa tabaka la juu 1870, na malkia alipoonekana na meno meupe 1873 wengine wakamfuata.

Kwetu, kahawia ya meno ya watu wengi wa Arusha na Meru si uchafu, ni floridi iliyozidi kwenye maji wakati meno yalipokuwa yanaumbika utotoni. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kusugua kwa mkaa au magadi hakutoi rangi iliyo ndani ya jino, kunalimaliza jino lenyewe. Kinachosaidia ni kumpa mtoto maji ya mvua au yaliyochujwa floridi mpaka atimize miaka 8 hivi.

Weupe ndio uzuri? Kwa nini watu wanajichubua?

Mapenzi ya weupe yana mizizi tofauti. Asia ya Mashariki na India, muda mrefu kabla ya Wazungu kufika, weupe ulimtenga tajiri aliyekaa kivulini na mkulima aliyechomwa na jua. Afrika ukoloni na utumwa ulipanga watu kwa rangi, na matangazo yakaendeleza. Ulaya ilipohamia viwandani mambo yaligeuka: maskini akawa ndani, mwenye hela akaenda pwani kuota jua, na ngozi iliyoungua kidogo ikawa ya kusifiwa. Kwa Kiswahili bado tunazo sifa za zamani, maji ya kunde, weusi wa mpingo, na bado zinatamkwa kwa mapenzi.

Ukitazama picha za ngozi peke yake, bila kujua ni ya nani, watu huangalia usawa wa rangi kuliko weupe au weusi. Mabaka huongeza umri machoni. Sasa tazama mkorogo unafanya nini.

Mkorogo mwingi una kimoja au vyote vya vitu hivi vitatu. Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza rangi; mwanzoni inang'aa kweli, lakini baada ya miaka ya kupaka na kutembea juani, mashavuni na kwenye paji la uso hutokea madoa ya bluu nyeusi yenye vipunje kama mayai ya dagaa. Ugonjwa huo madaktari wa Afrika Kusini waliueleza 1975, na nchi hiyo ikapiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi 1990. Madoa hayo hayaondoki kwa krimu yoyote, na hata mionzi ya leza huyapunguza kidogo tu. Steroidi kali kama klobetasoli na betamethasoni huifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana, huleta michirizi isiyofutika mapajani na makwapani, na kidonda huchelewa kupona; daktari wa upasuaji akishona, uzi unakata ngozi. Zebaki huharibu figo, na haimdhuru anayepaka peke yake: mtoto anayelala naye na taulo wanayochangia vinatosha kuifikisha kwake.

Vifundo vya vidole na viwiko hubaki vyeusi kwa sababu ngozi ya hapo ni nene, basi hata pale mkorogo unapofanya kazi huacha mwili wenye rangi tatu. Kitu pekee ambacho karibu dunia nzima hukiita uzuri wa ngozi, usawa, ndicho kinachokwenda kwanza.

Nitajuaje krimu ina sumu?

Soma boksi lote, hasa nyuma. Zebaki huandikwa mercury, mercurio, calomel au Hg. Boksi likikuonya usiruhusu krimu iguse dhahabu, fedha au alumini, liache hapohapo: zebaki hushika madini hayo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwanzoni uliweka mpaka wa miligramu 1 kwa kilo, kiasi kidogo mno kwamba hakiwezi kuwekwa makusudi kikafanya kazi. Krimu isiyo na orodha ya viambato, au iliyopimwa kwenye kopo na muuzaji, haina namna ya kukaguliwa. Tanzania vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Kenya chini ya KEBS.

Nimepaka kwa miaka. Naachaje?

Usiache mwili mzima kwa usiku mmoja kama ulikuwa unapaka steroidi kali kila siku. Ngozi hulipuka: inawaka, inavimba, vipele vinajaa, na wengi hurudia mkorogo siku ya nne wakidhani ule mng'ao wa ngozi ndio uzuri ulioondoka. Peleka makopo yote kwa daktari wa ngozi. Moshi kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC kinachowahudumia watu wa kanda nzima, na hospitali za rufaa zina kliniki. Kwa kawaida atakushusha kwenda kwenye steroidi dhaifu, kisha siku moja ndiyo na moja hapana, kwa wiki kadhaa. Kama ni zebaki, acha leo, funga kopo kwenye mfuko, usilitupe jikoni wala chooni, na uombe kipimo cha mkojo na figo.

Wakati huo paka mafuta mazito yasiyo na manukato asubuhi na jioni, na kinga ya jua yenye SPF 30 au zaidi: mistari miwili ya krimu yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Ngozi nyeusi yenye mabaka hufaidika zaidi na kinga yenye rangi ya kahawia, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo huzuia pia mwanga unaoonekana, ambao huchochea mabaka. Tegemea miezi, si wiki.

Liwa na vitu vya asili navyo vina madhara?

Liwa safi, yaani ule mti wa msandali, ni salama kwa wengi. Kijiti husagwa kwenye jiwe kwa matone ya maji mpaka uwe uji mzito, hupakwa usoni, huachwa dakika 20 hivi hadi ukauke, kisha huoshwa. Wangazija wana msindanu wao unaosagwa kwenye kibao cha matumbawe, Wamakua wa Kisiwa cha Msumbiji wana mussiro, na Myanmar wana thanaka. Kote ni mti, jiwe na maji, na hupoza na kukinga jua kidogo.

Tatizo ni ndimu. Maji ya ndimu au limau ngozini, kisha jua, huunguza: malengelenge ndani ya siku moja au mbili, halafu baka jeusi la miezi. Usitie ndimu kwenye liwa wala kwenye singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, unayotoka nayo nje.

Hina yangu hutoka rangi ya chungwa tu. Nakosea wapi?

Mara nyingi ni muda. Chukua gramu 100 za unga mpya wa kijani uliochujwa kwa kitambaa chepesi, sukari vijiko vya chakula 2, na maji ya ndimu kidogokidogo mpaka uwe kama uji wa lishe mzito. Hufika karibu vikombe 1 na robo. Funika, acha mahali pa joto saa 8 hadi 12, kisha tia vijiko vidogo 3 vya mafuta ya mkaratusi. Jaribu: weka tone kiganjani dakika moja. Likiacha chungwa, rangi imefunguka. Ndimu hapa haina hatari ileile ilimradi usitoke juani mpaka uwe umeiosha.

Chora, acha saa 6 hadi 8, bandua kwa kisu butu au kwa mafuta, usioshe kwa maji saa 12 zinazofuata. Utaona chungwa, hiyo ndiyo hatua yake. Rangi hukomaa ndani ya saa 48. Viganja na nyayo huwa vyeusi zaidi kwa sababu ngozi yake ni nene. Mgongo wa mkono hautafika huko, na si kosa la mpambaji.

Piko inayokuwa nyeusi tii ndani ya saa moja si hina, ni dawa ya nywele yenye PPD, kemikali ya kutia rangi nyeusi. Ulaya hairuhusiwi kupakwa ngozini. Malengelenge hufuata mstari wa ua lenyewe, siku chache hadi wiki mbili baadaye, na mwili hukumbuka: mtu huyo akipaka rangi ya nywele hata miaka 10 mbele, uso unaweza kuvimba. Bibi harusi asipewe piko kwa mara ya kwanza wiki ya harusi.

Kichanga asipakwe hata hina safi. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wengi penye malaria, wanaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu.

Na wanja wa mtoto?

Baadhi ya wanja wa manga ni jiwe lenye madini ya risasi lililosagwa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango salama. Mtoto hupakwa jichoni, anajifuta, analamba vidole. Mwache na nyusi zake.

Wakayan wa Myanmar wanarefusha shingo kweli?

Shingo hairefuki. Uzito wa pete za shaba huzisukuma mtulinga na mbavu za juu kwenda chini, mabega yakashuka, shingo ikaonekana ndefu.

Wanaume nao hupimwa kwa nini?

Wawodaabe wa Niger wana jibu la wazi kuliko wengi. Katika sherehe ya Gerewol wanaume hujipaka uso rangi, midomo nyeusi, wakapanga mstari na kucheza kwa saa nyingi huku wakikodoa macho na kukenua meno ili weupe wake uonekane, na wanawake ndio waamuzi. Wanatafuta urefu, pua nyembamba na macho meupe.

Urefu husifiwa Ulaya na Marekani, lakini Wahadzabe, walipochunguzwa 2009 na Rebecca Sear na Marlowe, hawakuonekana kuchagua wenzi kwa urefu. Sauti ina uzito wake: wanaume wa Kihadzabe wenye sauti nzito walikuwa na watoto wengi zaidi, kwa mujibu wa utafiti wa 2007.

Mimi namwona mzuri, wenzangu hawamwoni. Nani amekosea?

Hakuna. Makundi ya watu yakilinganishwa kwa wastani hukubaliana sana, lakini watu wawili wa jamii moja wakipewa nyuso zilezile, hukubaliana kwa karibu nusu tu. Mwaka 2015 Laura Germine na wenzake waliwapima mapacha, wakakuta kwamba ile nusu nyingine haitokani sana na damu, bali na nyuso ambazo kila mmoja amekutana nazo maishani mwake. Hata pacha wa kufanana wanaolala chumba kimoja wana marafiki na walimu tofauti.

Kwa nini pua yangu ni kubwa kwenye selfi kuliko kwenye kioo?

Ni umbali. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu nayo kuliko masikio kwa sehemu kubwa ya safari hiyo, basi huvimba. Hesabu iliyochapishwa 2018 ilionyesha kwamba kwa umbali huo pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko kwa mita 1.5. Watu wamefika kwa madaktari wa upasuaji na picha hizo mkononi wakitaka pua zikatwe.

Kabla ya kuamua chochote kuhusu pua yako, egemeza simu juu ya meza au mpe mtu, simama mita 1.5 hadi 2, tumia kamera ya nyuma iliyo kwenye usawa wa macho, geukia dirisha, kisha kata picha pembeni badala ya kusogea karibu. Piga 5, ukigeuza kichwa kidogo kila mara, uzitazame siku inayofuata.